Mu Depo ya Zorobabel Hapana Kuanguka

“Adèle, ni kweli mutoto wako banamufundisha kuanguka?”

Élise, jirani yangu, njo aliniuliza vile siku moja juu ya ukuta ya lupango, uwanja ya nyumba. Alikuwa anaanika muhogo, mikono imejaa unga, na ile sauti aliitupa mbali kusudi na bale ba nyuma ya nyumba basikie. Huku kwetu Kimemi, bakisema binti ameanguka, hakuna mutu anauliza ameanguka wapi. Tumbo itajibu yenyewe, na mama yake ataanza kukaa kwa viti ya nyuma mu kanisa.

Nikamujibu: “Ni kweli. Na akijua kuanguka muzuri, batamupatia mukanda.”

“Mukanda juu ya kuanguka?”

“Mukanda. Kwanza ya nyeupe, kisha ya manjano, kisha zingine.”

“Bikira Maria,” akasema, “basi miye ningekuwa nazo za rangi yote.”

Tulicheka mpaka kuku zake zikakimbia. Ile siku nilicheka. Leo mutu akitamka ile neno mbele yangu, meno inanibana. Padri anatufundishaka kwamba jua lisitue na hasira mu roho. Jua imetua juu ya hasira yangu, ikapanda, ikatua tena. Acha nieleze sababu.

Kanyere ni mutoto wangu wa mwisho. Baba yake, Siméon, alikufa kwa barabara ya Beni, na juu ya ile kifo sitaandika zaidi. Kisha mazishi, mutoto alikataa kwenda shambani. Alikataa hata kwenda kuchota maji kama hakuna mutu wa kumusindikiza. Ukuni ikipasuka mu moto, anaruka sawa amesikia bunduki. Usiku nilikuwa namusikia anageuka mu kitanda, na miye nageuza rozari, wote wawili hatulali.

Njo mutu mumoja akaniambia kuna dereva wa camion, Nassoro, mutu wa Beni, anafundisha judo siku zenye camion yake inapumzika huku Butembo. Alikuwa anafundishia mu depo ya Zorobabel, mufanyabiashara wa unga na sukari. Bamama ba Legio ya Maria baliponiona napeleka mutoto kule, bakanisimamisha njiani: Adèle, unatia binti yako mu mikono ya muislamu? Nikabajibu kwamba nitamuangalia kwanza. Na nilimuangalia. Nilikaa juu ya gunia mu pembe ya depo, siku na siku, mbele ya kumuachilia mutoto. Sikuona hata siku moja jicho yake ikienda fasi haipaswi kwenda.

Tatami yetu, ile mukeka ya kuangukia, ilikuwa vumbi ya mbao ya kwa baseremala, na bâche ya plastiki imetandikwa juu. Pale, kwa wiki nyingi, hakuna mutoto aliyemutupa mwenzake. Balikuwa banaanguka. Banaanguka kwa mugongo, kwa ubavu, kwa mbele, balianza na kuchutama, kisha bamesimama, kisha mbiyo. Nassoro anapita katikati yao na miguu bila viatu.

“Kidevu kwa kifua. Mukono ipige chini sawa unafukuza kuku. Pumzi inje. Baraka, weye ni gunia ama ni mutu? Anguka sawa mutu.”

Na kila siku alirudilia jambo moja kuliko yote: hapana kuweka mukono mbele. Mutoto akitupwa, mwili yake inataka kunyoosha mukono kuzuia udongo. “Usifanye,” alikuwa anasema. “Mukono inayoenda kupokea udongo, udongo inaikamata.”

Kupika, ni yeye aliniomba. Alisema mutoto asiingie kwa tatami na njaa, na asiingie tumbo imejaa. Basi mbele ya mazoezi nilikuwa nabapa uji ya soya na mahindi, nyepesi, na kisha mazoezi maharagi na sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta ya mawese, na kama kuna samaki kidogo ya kukauka, naisaga na mifupa yake. Kila muzazi analeta kikombe yake ya maharagi. Batoto bakinung’unika kwamba banataka nyama, Nassoro anabaambia: “Nyama ya sikukuu inatia furaha. Nguvu ni maharagi ya kila siku. Mukule, munywe maji, mulale. Mwenye hajalala, kesho atakaa na miye kwa gunia ya Mama Adèle, ataangalia wenzake.”

Na Kanyere akalala. Njo kitu nilichoona miye, na hakuna mutu atanitoa mu ile. Mutoto alianguka, akasimama, akaanguka, akasimama, jioni anakula bakuli mbili, na usiku simusikie tena. Mabega ikapanuka. Siku moja alichukua jembe akaenda shambani bila kuniaga, na nikakaa mu mulango nikalia.

Basi ile njo ilikuwa judo yetu. Sasa niandike juu ya Zorobabel.

Ni mutu mukarimu, siwezi kukataa. Depo alitupatia bure, batu bakamuita président wa club, na ile jina ikamukaa muzuri sawa koti. Kisha camion yake moja, imejaa unga, ikapinduka mu kona ya Kalunguta. Hakuna mutu aliyekufa, Mungu asifiwe, lakini unga yote ilimwagika mu bonde, na batu ba kule bakakula mikate ya bure. Zorobabel akaenda mu chambre, chumba ya maombi, akafunga, akaomba. Baombaji ba kule bakamuambia kuna neno mbaya inatamkwa mu nyumba yake kila siku, na ile neno njo inakula mali yake.

Akakuja jumamosi, tuko mu mazoezi. Akasimama katikati ya tatami na viatu.

“Maître, kuna neno munaimbaka hapa. Neno gani?”

“Maneno ni mingi, président,” Nassoro akasema. “Na viatu, tafadhali.”

“Kuanguka. Miye nauzisha huku mbele, batoto banaita kuanguka kule nyuma. Miye naenda kulala, ile neno inabaki mu ukuta. Unajua camion yangu imeanguka kwa sababu gani?”

“Sababu ya breki. Nilimuambia dereva wako.”

Batoto bakacheka. Nafikiri kama habakucheka, yote ingekwenda ingine namna. Zorobabel hakucheka. Alisema ulimi inaweza kuua na inaweza kuponya, mutu anakula matunda ya kinywa yake, na tangu leo mu depo yake ile neno haitatamkwa.

Nassoro hakutaka mafarakano. “Haina shida. Tutasema kushuka.”

“Neno ni nguo tu. Mwenye kuvaa ni yule yule. Nasema hapana kuanguka kwa kinywa, hapana kuanguka kwa mwili. Ubafundishe kuangusha.”

“Sawa, président. Na nani ataangushwa, kama hakuna mwenye kuanguka?”

“Batu ba Beni,” Zorobabel akasema.

Hapo bazazi njo balicheka, na bengine bakapiga mikono.

Bazazi tuliitwa tukae, tuzungumuze. Nilisimama. Miye nilimaliza shule ya musingi tu, lakini ningali na kinywa. Nikabauliza: kwa Njia ya Msalaba, kila ijumaa ya Kwaresima, tunafika fasi Bwana wetu ameanguka mara ya kwanza, tunapiga magoti, tunatamka ile neno kwa sauti. Tunafika mara ya pili, tunatamka. Mara ya tatu, tunatamka. Kama neno inaua, mbona parokia yote bado inaishi?

Zorobabel alinisikiliza kichwa imeinama upande, kwa heshima. Kisha akasema, “Mama Kanyere, tunakushukuru sana juu ya maharagi.”

Bakacheka tena. Nikakaa. Ile kicheko, ningeweza kuichora kwa ukuta, nilijua sauti ya kila mutu ndani yake.

Nassoro akaona kazi yake imeisha pale, akakunja kimono yake polepole. Alisalimia batoto mumoja mumoja, akabaambia batamukuta Beni kama banapita kule. Miye akaniambia, “Mama Kanyere, mutoto arudilie kuanguka nyumbani, hata kwa mukeka. Mwili inasahau mbiyo kuliko kichwa.”

Mwenye alikuja mu fasi yake ni Vagheni, kijana wa ukoo wa Zorobabel, alikuwa ametoka Goma na simu kubwa. Si mutu mubaya. Ni mutu wa kupenda kuangaliwa. Siku ya kwanza alisema maharagi ni chakula ya gereza na inafanya mutoto muzito. Président akaleta maboksi ya vinywaji ile ya mikebe, ya sukari, yenye kufanya moyo kupiga mbiyo. Batoto balipenda, nani hapendi sukari? Bananywa, mikono inatetemeka, macho wazi, banasema banasikia nguvu. Saa moja ikipita, banakaa chini sawa nguo imelowa. Miye niliendelea na sufuria yangu inje ya mulango. Bengine bakakuja, bengine bakaona haya.

Na mafundisho? Vagheni alibafundisha kwamba mutu akikutupa, ugeuke hewani, utupe mukono chini, uzuie mugongo isiguse, juu arbitre, muamuzi, anahesabu mugongo ikigusa. Ni kitu ile ile Nassoro alikuwa anabakataza kila siku. Nilimuambia.

“Mama, ile ni judo ya zamani.”

“Na mufupa? Nayo ni ya zamani?”

“Mama Adèle,” akasema, anacheka, “uji inaungua.”

Kanyere aliacha kurudilia mazoezi nyumbani. Nilitandika mukeka, akaniambia président alikataza. Nikasema hapa haiko depo. Akasema, “Mama, unataka nisemewe?” Alikuwa binti mukubwa tayari, na bote balikuwa banamuambia kwamba yeye njo atashinda Beni. Kulikuwa tournoi, mashindano, inapangwa kule, Butembo na Beni. Lakini kusudi aingie mu kilo za bale bembamba, Vagheni alimukausha. Hapana kula jioni, hapana kula asubuhi, kutema mate mu chupa, kuruka kamba na sachet za plastiki zimefungwa mwilini chini ya kimono. Nilimukuta anaramba maji kwa kitambaa. Mutoto wa nyumba yangu, mwenye nilirudisha na kijiko toka mu huzuni, anaramba kitambaa.

Nilimuambia, “Kesho utakula mbele ya macho yangu.” Hiyo kesho haikungoja.

Siku ile ile alikuwa kwa tatami na tumbo tupu, macho inaona giza, na Baraka akamutupa. Ilikuwa mutupo ya kawaida, ile ya kila siku. Zamani angeanguka, angepiga bâche, angesimama akimutukana Baraka. Akageuka hewani, akatupa mukono ya kuume. Nilisikia mulio kutoka kwa mulango. Kiwiko ilienda njia yake na mukono njia ingine. Kanyere hakulia. Aliiangalia sawa kitu ya mutu mwengine.

Vagheni akakimbia, akakamata mukono, alitaka kuivuta.

“Usimuguse,” nikasema.

“Mama, inarudi mbiyo kama ingali moto—”

“Nimesema usimuguse.”

Nilivua kitenge yangu ya juu, nikafunga mukono kwa kifua yake sawa vile nilivyoikuta, bila kuinyoosha, nikamupakia kwa pikipiki, tukaenda mu kituo cha afya. Muganga akairudisha fasi yake, akaipima kwa vidole, akafunga kitambaa kwa shingo. Alisema nyuzi za ndani zimepasuka: hapana maji ya moto, hapana kukanda, hapana kuvuta, na judo asiiwaze mpaka amemuona tena na amekubali yeye mwenyewe. Kama ile mukono itatoka mara ya pili mbele ya kupona, hatainyoosha tena maisha yake yote. Alisema ile neno ya mwisho mara mbili, akiniangalia miye, kisha akimuangalia Kanyere.

Yote ile nilibeba. Kitu iliyofuata njo sikuweza.

Zorobabel alikuja nyumbani, siku chache mbele ya tournoi, na sukari na mafuta, na bamama bawili ba chambre yake. Alikaa kwa kiti ya Siméon. Akauliza habari ya mutoto “aliyeguswa kidogo.” Hakusema ameanguka, hakusema amevunjika. Baliomba, bakaomba kwa nguvu. Miye nilipiga magoti pamoja nao, juu siogope maombi ya mutu yeyote. Kisha akasimama, akafungua kitambaa kwa shingo ya mutoto, akaitupa kwa meza.

“Inua mukono, binti yangu.”

Kanyere akainua. Ilipanda mpaka usawa wa sikio, kiwiko imekunjwa, na machozi ilikuwa inashuka kwa mashavu yake yote mbili.

“Mumeona?” akasema. “Anashukuru. Amepona.”

Niliokota kitambaa. Nikamuambia mbele ya bale bamama kwamba miye pia naomba, naomba kila asubuhi kabla jogoo, na Mungu mwenye kuponya ninamujua, hana haraka ya tournoi.

“Ni kukosa imani, mama,” akasema kwa upole.

Balipotoka nilizungumuza na mutoto. Nilimuambia hataenda. Akaniangalia na macho ya baba yake.

“Mama, baba alikufa kwa ile barabara. Nataka nipite pale, nifike Beni, nishinde, nirudi kwa ile barabara ile ile. Mukono itavumilia.”

“Mukono haivumiliaka. Muganga alikuambia.”

“Muganga hajui miye.”

“Miye nakujua.”

“Basi uniache.”

Ningefunga mulango, angetoka kwa dirisha. Ningemuchapa, angenyamaza na angetoka kwa dirisha. Basi nikasema kwa Vagheni nitafuatana nao, nipike. Akafurahi. Mu roho yangu nilikuwa nimekata shauri: kule kuna arbitre, na arbitre haiko mutu wa Zorobabel.

Tulienda asubuhi mu minibus ya président. Baliimba mpaka barrière ya kwanza, askari bakaangalia ndani, bakatuachilia, bakaimba tena. Kisha Kalunguta, kuna fasi kando ya barabara yenye miye najua. Kanyere hakuimba. Aliangalia mbele tu, na mukono yake ya kushoto ikatafuta yangu chini ya kiti, ikaikamata mpaka tulipopita. Nilikaribia kuacha yote. Naandika ile juu ni ukweli. Nilifikiri: acha apigane, acha apate hii kitu moja. Kisha minibus ikaruka mu shimo, na nikasikia vile alivyomeza pumzi.

Tournoi ilikuwa mu salle, ukumbi ya shule, mu commune ya Ruwenzori. Tulipoingia, batoto ba Beni balikuwa kwa tatami banapasha mwili moto. Balikuwa banaanguka. Salle yote inalia pa, pa, pa, sawa bamama banafua nguo kwa muto, na banasimama banacheka. Mbele yao, na miguu bila viatu, Nassoro.

Batoto betu balisimama mu mulango. Baraka akasema chini chini, “Angalieni kale kadogo, anaanguka kuliko siye wote.” Vagheni akamupiga kofi ndogo kwa kichwa juu ya ile neno.

Nassoro alikuja kunisalimia, mikono yote mbili. “Mama Kanyere. Habari ya Kimemi?” Kisha akamuona mutoto nyuma yangu, na uso yake ikabadilika. “Ule mukono iko na nini?”

“Uulize benye kumuleta.”

Alimuangalia Zorobabel kule mbali, akapangusa uso. “Miye nafundisha Beni sasa, mama. Nikisema asipigane, batasema namuogopa. Arbitre ni Madame Sofia. Atamuuliza yeye mwenyewe.”

Na Madame Sofia akakuja, mwanamuke mufupi mwenye kitambaa kwa kichwa, akapita kwa kila mupiganaji. Alipofika kwa Kanyere akasimama.

“Unasikia maumivu fasi yoyote?”

“Hapana, madame.”

“Inua mikono.”

Kanyere akainua. Mikono ya kimono ni mipana, inaficha yote. Niliona mudomo yake ya chini ikiingia ndani ya meno, lakini ni miye tu nilijua ile mudomo.

Zorobabel akasogea. “Madame arbitre, huyu binti alikuwa na shida kidogo, na Bwana amemuponya. Kama kuna nafasi kisha fainali, atatoa ushuhuda.”

Batu betu bakasema amina. Madame Sofia alimuangalia Kanyere tena, akakubali na kichwa, akageuka kwenda kwa mwengine.

Nilikuwa na sufuria ya uji pembeni. Nikachota, nikajaza kikombe kubwa mpaka juu, nikaingia kwa tatami.

“Madame, naomba ruhusa. Mutoto hajakula.”

“Mbiyo, mama.”

Nikasimama mbele ya binti yangu, nikamunyooshea kikombe. Salle ilikuwa imejaa bamama, ba Beni na ba kwetu, na hakuna mumoja hajui: mutoto aliyelelewa hapokei chakula ya mama yake na mukono ya kushoto. Hata akiwa na hasira. Hata akiwa mugonjwa. Bora akatae.

Kanyere aliangalia kikombe, akaniangalia. Alielewa. Hakuna mutu mwengine alikuwa ameelewa bado, ni yeye na miye.

Akatoa mukono ya kuume. Ilifika nusu ya njia, ikasimama pale hewani, imekunjwa. Ningesogeza kikombe. Ilikuwa kitu ya kiganja moja tu. Sikusogeza. Vidole vikafunguka, vikafunga, jasho ikamutoka kwa paji ya uso. Na mukono ya kushoto ikapanda, ikapokea.

“Eeh,” mama mumoja akasema nyuma. Mwengine akasema, “Na mukono ile? Kwa mama yake?”

Madame Sofia alikuwa amegeuka. Alirudi, akapandisha kitambaa ya kimono, akagusa kiwiko na vidole viwili. Kanyere akafunga macho. Kiwiko ilikuwa imevimba sawa kiazi.

“Huyu hapigane,” arbitre akasema. “Na nani amemuleta hapa?”

Zorobabel njo alipata sauti kwanza, na haikuwa kwa Madame Sofia, ilikuwa kwangu. “Mama, unajua umefanya nini? Mutoto alikuwa amesimama mu imani, na weye, mama yake muzazi, umemufanya aanguke mbele ya Beni yote.”

“Président,” Nassoro akasema polepole kutoka kwa pembe, “umetamka.”

Batoto ba Beni habakujua juu ya nini betu banacheka. Baraka alicheka mpaka akainama. Vagheni alikuwa anaangalia simu yake, na simu haikuwa na kitu.

Miye sikucheka. Nilimuambia Zorobabel, na sikupandisha sauti: “Ulitoa depo, tulikushukuru. Ulitoa sukari, tulikushukuru. Mukono ya mutoto wangu hukuitoa weye. Ulikataza batoto kuanguka kwa sababu ya magunia ya unga. Sasa nenda uonyeshe Mungu magunia yako, na miye nitamuonyesha kiwiko.”

Bale bamama bawili ba chambre, benye tulikuja nao mu minibus, balikuwa banaangalia miguu yao.

Kisha nikamugeukia Kanyere. Nilidhani atalia. Nilikuwa nimetayarisha kitenge yangu, nimufunge mukono.

“Ungeniambia nyumbani,” akasema.

“Nilikuambia nyumbani.”

“Ungeniambia tena.” Kikombe ilikuwa bado mu mukono yake ya kushoto, uji inamwagika kidogo kidogo kwa kimono. “Umenifanya nikukosee heshima mbele ya batu. Uliona siwezi kufika, na hukusogea.”

“Niliona,” nikasema. “Sikusogea.”

“Na ungeniacha vile tu? Nisimame pale mpaka lini?”

“Mpaka arbitre ageuke.”

Aliniangalia. Nimeangaliwa na batu benye hasira maisha yangu yote, na mume wangu, na askari, na Zorobabel, hakuna mumoja aliniangalia vile. Nassoro alisogea hatua moja, akasimama. Madame Sofia alishika kitenge yangu, alitaka kuifunga yeye mwenyewe, Kanyere akarudisha bega nyuma.

Akainama, akaweka kikombe chini, kwa tatami, hakuonja hata kidogo. Akaokota viatu vyake na mukono ya kushoto. Zorobabel akamuita, “Binti yangu, kuya hapa,” na hakugeuka. Akapita katikati ya batoto ba Beni, nao bakamufungulia njia, akavuka salle miguu bila viatu, akasukuma mulango na bega yake nzima, akatoka.